Holda Si Holda: Acheni Kutingisha Simu kwa Mkono Mkiita Hiyo Riviu

Leo sina utani. Nimechoka na hizi video za holda za simu za pikipiki. Zote ni video moja. Jamaa amekaa kitandani kwake, taa ya duara inammulika usoni, anapasua kiboksi, anachomeka simu kwenye holda, anaitingisha kwa mkono mara tatu, halafu anatabasamu: "Mnaona? Haitoki!" Linki iko kwenye bio. Basi. Hakuna pikipiki, hakuna barabara, hakuna hata baiskeli ya mtoto.

Na nyinyi mnanunua. Najua mnanunua kwa sababu naziona zikipita hapa Mambrui kila siku, kwenye Boxer na kwenye TVS, simu imelala ubavu kama mgonjwa wa malaria, mwendeshaji ameshika usukani kwa mkono mmoja na ule wa pili unairudisha simu mahali pake. Halafu mnakuja kwa DM mnaniuliza, "Bro, holda gani iko poa?" Hilo swali ndilo ninalogombana nalo. Mnauliza rangi, bei na jina la duka. Hakuna hata mmoja ashawahi kuniuliza inashikaje.

Msimamo wangu huu hapa, mkitaka mnitukane mapema: holda inayotegemea kukazwa tu ni takataka. Hata kama ni ya aluminiamu. Hata kama aliyekuonyesha ana folowa laki tano. Holda ya maana ni ile ambayo hata skrubu zikilegea kidogo, bado kuna kitu kigumu kimesimama njiani, na simu ikitaka kutoka inakigonga hicho kwanza.

Mtasema natia chumvi. Sawa, ngoja.

Kuna jamaa wa steji yetu alichukua simu ya mkopo, ile ya kulipa kidogo kidogo kila siku, usipolipa inajifunga. Simu hiyo ndiyo ofisi yake. Wateja wanampigia, nauli inaingia kwa M-Pesa, jioni anamtumia mwenye pikipiki hesabu yake. Akanunua na holda, shilingi 400, kwa duka ambalo silitaji. Wiki ya tatu, akitoka Malindi na kabla hajafika daraja la Sabaki, akaingia shimo. Si shimo kubwa hata. Holda ilibaki kwenye usukani imekenua kucha zake nne, simu ikawa iko kwa lami, na nyuma yake lori tupu linaenda Gongoni kupakia chumvi. Dereva wa lori hakuwa na makosa. Ungekuwa wewe pia ungepita juu yake.

Alilipa simu ambayo haipo kwa miezi saba zaidi. Kila siku iendayo kwa Mungu. Na aliporudi dukani na ile holda, aliambiwa maneno mawili tu: "Hukukaza vizuri."

Hayo maneno mawili ndiyo yamenikalisha hapa kuandika. Kwa sababu ni uongo, na ni uongo wenye faida. Ukiambiwa kosa ni mkono wako, utanunua nyingine ileile na ukaze zaidi.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, na mashangazi wote wa mtaa wanajua habari hizo kuliko mimi. Lakini fizikia ya mwaka wa kwanza sikuirudisha kwa msajili. Hebu tuhesabu pamoja. Hizi pikipiki zetu za kazi zina silinda moja. Pistoni moja inapanda na kushuka, haina mwenzake wa kuituliza. Ukivuta mafuta mpaka injini ikafika mizunguko 6,000 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 100 kwa sekunde. Saa moja ya mwendo huo ni mara 360,000. Najua hakuna anayekaa kwa 6,000 saa nzima, kwa hivyo gawa kwa mbili. Bado ni 180,000. Yule wa kitandani alitingisha mara tatu.

Na si idadi tu. Mwaka 1969 mhandisi mmoja Mjerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwamba nati iliyokazwa vizuri kabisa inaweza kulegea yenyewe ikiwa vitu ilivyovishika vinasukumwa kwa ubavu, huku na huku, mara nyingi. Hakuna anayeigusa. Ule msuguano unaoishikilia unapotea kwa nukta ndogo sana, nati inajizungusha kidogo, msuguano unarudi, unapotea tena. Mashine ya kupimia jambo hilo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo mtu akikuambia "hukukaza", anakuambia kitu ambacho Wajerumani walishamaliza kubishana nacho kabla mamako hajazaliwa.

Halafu kuna plastiki yenyewe. Plastiki ikibanwa na kuachwa kwa joto inachoka. Inakubali umbo jipya na kuacha kusukuma. Umekaza asubuhi, pikipiki imesimama steji juani mpaka saa tisa, na jua la Februari la hapa mnalijua. Jioni skrubu iko palepale ulipoiacha, wala haijazunguka, lakini nguvu ya kubana imeenda zake. Unakaza tena. Kesho tena. Siku ya nne unasikia "tak", imepasuka, na dukani watakuambia ulikaza sana. Yaani hapo hushindi. Ukikaza kidogo ni wewe, ukikaza sana ni wewe.

Sasa nitawapeleka mbali kidogo, mnivumilie.

Usiku nikikosa usingizi huwa natazama video za watu wa Uingereza na Marekani wanaolenga shabaha kwa bunduki za upepo. Kabla hamjaniripoti: sina bunduki, sitaki bunduki, na silaha hapa Kenya si kitu cha kununua kama mandazi. Ninachopenda ni ugomvi wao. Wanagombana miaka na miaka juu ya kitu kimoja, kishikio cha darubini, kile kipande cha chuma kinachoifunga darubini juu ya bunduki. Na ugomvi wao ni wetu mtupu: kifaa cha kioo, cha bei, kimefungwa juu ya kitu kinachoruka.

Bunduki ya upepo ya springi ni jini. Ndani yake hakuna baruti, kuna springi nene na pistoni. Ukivuta kifyatulio, springi inairusha pistoni mbele, na bunduki yenyewe inarudi nyuma begani. Halafu pistoni inafika mwisho wa silinda, inakutana na hewa iliyobanwa, inasimama ghafla, na bunduki nzima inarushwa mbele. Teke mbili, moja huku na moja kule, ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Darubini nyingi zimetengenezwa kuvumilia teke la nyuma peke yake, lile la bunduki za baruti. Hili la mbele haziko tayari nalo. Ndiyo maana darubini iliyokaa salama miaka juu ya bunduki kubwa ya kuwindia inaweza kuharibika ndani juu ya bunduki ya kupigia makopo. Kubwa siyo inayoua. Inayoua ni ile inayotikisa kwa namna ambayo kifaa hakikutarajia. Hiyo iwekeni akilini, tutairudia tukifika kwa kamera.

Na hata darubini isipovunjika, inatembea. Kishikio kinateleza kwenye reli, kinarudi nyuma unywele mmoja kila risasi, mpaka shabaha inapotea na mtu anajiuliza kama macho yake yamezeeka. Mgeni wa mchezo huo hufanya kama sisi: anakaza. Anakaza mpaka anaminya bomba la darubini, na kishikio bado kinatembea. Wazoefu hawakimbilii spana. Wanafuta kwanza mafuta kwenye reli mpaka ikauke kabisa. Wanachagua kishikio cha kipande kimoja kirefu chenye skrubu nyingi badala ya pete mbili fupi, ili mzigo ugawanyike. Na zaidi ya yote wanatafuta pini. Ni pini ndogo tu ya chuma chini ya kishikio, inaingia kwenye tundu lililochimbwa juu ya bunduki. Haibani chochote. Imesimama njiani, basi. Kishikio kikitaka kurudi nyuma kinaikuta pini. Bunduki ambayo haina tundu, wengine hufunga kibao kidogo cha chuma nyuma ya kishikio, kazi ni ileile. Wakishaweka hiyo, skrubu wanakaza kwa kiasi, bila kutoa macho.

Nilipoielewa ile pini niliinuka kitandani usiku wa manane nikaenda uani kuangalia Boxer ya jirani kwa tochi. Mbwa walibweka, nikaitwa mwizi, lakini nilipata jibu.

Pini yetu iko kwenye kioo cha pembeni. Angalia mguu wa kioo unapoingia, hapo karibu na klachi. Kuna holda zenye jicho la chuma, pete nene, ambayo unaipitisha pale chini kwenye mguu wa kioo halafu kioo kinafungwa juu yake. Hiyo inaweza kuzunguka ikilegea, ndiyo, na itakuudhi. Lakini haiwezi kudondoka mpaka kioo chenyewe kidondoke. Sasa linganisha na zile zinazokumbatia bomba la usukani. Bomba ni duara, ni laini, unene wake ni milimita 22 hivi, na mara nyingi lina grisi na vumbi la Marafa juu yake. Unaliomba lishikwe na kitanzi cha plastiki kwa mapenzi tu.

Kama hiyo ya kukumbatia ndiyo unayo, usiitupe. Toa, osha bomba kwa sabuni mpaka lisitelezeshe kidole, kausha. Kata kipande cha tyubu ya zamani ya baiskeli, kimoja, chembamba, ukizungushe. Usiweke tabaka tatu za tyubu, utakuwa umetengeneza godoro na simu itaruka juu yake. Funga mahali bomba linapoanza kupinda, ili ikitaka kuteleza ikutane na ile kona. Kona ni pini ya maskini.

Upande wa simu nako ni hivyohivyo. Zile holda zinazobana mbavu za simu kwa springi, nguvu yote iko kwenye msuguano wa plastiki na kioo, na juu ya hayo zinabonyeza vitufe. Kuna dogo hapa simu yake ilikuwa inajizima kila akiruka tuta, akaenda kwa fundi wa simu wakambadilishia betri. Betri! Kitufe ndicho kilikuwa kinabonyezwa na holda. Mimi nataka kucha zinazopinda na kufunika pembe za simu kwa mbele, mdomo kamili, kiasi kwamba simu haitoki mpaka ukucha uvunjike. Na juu yake ule wavu wa mpira unaoshika pembe nne. Na kamba, jamani. Kamba ya mkononi ya shilingi hamsini, upande mmoja kwenye kava ya simu, upande wa pili kwenye usukani. Nimesema kwenye usukani. Nimeona watu wanafunga kamba ya simu kwenye holda, holda ikianguka zinaanguka zote mbili zimeshikana mikono kama wachumba.

Kile kifundo cha duara, kinachokuruhusu kuzungusha simu upande wowote, ndicho kinachowauzia hizi holda kwenye video. "Unaweza kuigeuza hivi! Unaweza kuigeuza hivi!" Kama unaweza kuigeuza wewe kwa vidole viwili, barabara ya Marafa itaigeuza pia, tena bila kukuomba ruhusa. Na mkono mrefu? Shika ndoo ya maji karibu na kifua, halafu unyooshe mkono uishike mbali. Maji hayajaongezeka. Holda yenye mkono mrefu inafanya hivyo kwa skrubu zake mchana kutwa. Fupi, nene, kipande kimoja, iliyokaa karibu na usukani. Haitapendeza kwenye picha. Sijali.

Kuna mtu lazima atasema, "Shida ni vitu vya China." Wewe ndugu yangu unayesema hivyo, nenda makaburini hapa Mambrui, kwenye ile nguzo ya zamani, uangalie walivyokuwa wakiweka mabakuli. Ni ya China, ya enzi za Ming. Wazee wetu waliyapachika pale karne kadhaa zilizopita, kwa upepo huuhuu wa bahari na chumvi hiihii. Hawakuyabandika juu juu. Waliyazamisha ndani ya chokaa, bakuli likakaa kwenye kitako chake, ukuta umelizunguka. Kitu cha China kilichokalishwa vizuri kinakaa. Kilichobandikwa kinaanguka hata kikitoka Ujerumani. Msiniletee uvivu wa kulaumu bendera.

Chumvi nimeitaja, kwa hivyo hili haraka: skrubu zinazokuja kwenye kiboksi nyingi ni chuma cha kawaida kilichopakwa mng'aro. Sisi tunaishi mahali ambapo chumvi inavunwa. Miezi michache tu na utaona kutu ya rangi ya chai inateremka kwenye aluminiamu. Nenda hadwea Malindi na ile skrubu mkononi, uliza stenlesi ya saizi hiyo, na nati zile zenye pete ya plastiki ndani. Hiyo pete ndiyo inayoibana nati isijizungushe. Ni pesa ya chai na mahamri mawili.

Sasa kamera, na hapa nawaongelea nyinyi wenzangu mnaopiga kontenti, mnaofunga simu ya elfu sitini kwenye usukani ili mpate ile shoti ya barabara na minazi.

Simu nyingi za bei ya kati na za juu siku hizi zina lenzi inayoelea. Haijagandishwa, imening'inizwa kwa vispringi na sumaku ndogo, na kuna kifaa kinachohisi mkono wako ukitetemeka, kinaisogeza lenzi upande wa pili ili picha itulie. iPhone zinayo miaka mingi, Samsung Galaxy A54 inayo. Imetengenezwa kwa mtetemeko wa mkono wa binadamu, ule wa polepole. Haikutengenezwa kwa pistoni. Septemba 2021 kampuni ya Apple yenyewe ilitoa ilani kwamba mitetemo ya injini zenye nguvu za pikipiki, ikipitia kwenye usukani, inaweza kuharibu kamera za iPhone, na ikashauri watu wasizifunge simu hizo moja kwa moja kwenye pikipiki kama hizo. Hata kwa vipikipiki vidogo na skuta za umeme ikashauri kishikio chenye kupunguza mtetemo, na usitumie muda mrefu kila siku. Mnakumbuka darubini na teke la mbele? Ni yaleyale. Simu inaweza kuanguka kutoka mezani ikapona, halafu ikafa kimyakimya juu ya holda nzuri, bila kuanguka hata mara moja. Unakuja kugundua nyumbani: unafungua kamera, picha inacheza kama maji kwenye sufuria.

Na hapa ndipo hasira yangu kwa mainfluensa inapozidi. Holda ikiwa ngumu sana na imefungwa vizuri sana, mtetemo wote unaingia kwenye simu. Kwa hivyo mwenye simu ya lenzi inayoelea anahitaji holda yenye kipande cha mpira cha kupunguza mtetemo katikati, na mwenye kasimu ka bei nafuu kasikokuwa na hiyo lenzi hana wasiwasi huo hata kidogo. Mashaallah, mara moja maisha yamempendelea mwenye simu ya bei rahisi. Nimetazama riviu nyingi sana. Sijaona hata moja inayouliza: wewe mtazamaji, simu yako ni ipi? Wanauza holda moja kwa watu wote, kama kofia.

Ushauri wangu wa kontenti: ile simu unayoitegemea iache mfukoni. Funga simu ya zamani, au kamera ndogo, kwa helmeti au kifuani. Mwili wa binadamu unameza mtetemo kuliko chuma chochote. Shoti zitatoka laini, bila ule utepetevu wa jeli.

"Bro, pesa hakuna." Nasikia. Mimi mwenyewe naishi kwa bando la usiku. Lakini tuhesabu tena. Jamaa wa steji alinunua holda ya 400. Baada ya simu kufa akanunua nyingine ya 350, ikapasuka. Ya tatu ikashika kutu. Zote tatu ni elfu moja na zaidi, ukiacha simu. Kwa chini ya hapo, fundi wa kuchomelea anakukatia kibati kinene, anakitoboa tundu la kuingia mguu wa kioo, anakuinulia kingo tatu za kuikalisha simu, wewe unaweka tyubu ndani na mpira juu. Kina sura mbaya, nakubali. Kinafanana na sufuria iliyokanyagwa. Yule jamaa sasa anatumia hicho, na simu ya pili bado iko hai. Na wale wazee wanaofunga simu kwa kamba za tyubu tu, mnaowacheka, wanawazidi akili: tyubu ikilegea inavuta yenyewe, skrubu ikilegea inakuaga.

Kabla hujalipa popote, fanya hivi. Muombe muuzaji akuruhusu uifunge kwenye pikipiki yako palepale nje. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa, gia huru, washa, weka simu, fungua meseji yoyote yenye maandishi madogo. Vuta mafuta polepole kutoka chini kwenda juu huku unasoma. Kuna mahali maandishi yatakuwa ukungu ghafla, halafu yatarudi. Pale ndipo holda na injini zinapoitikiana. Kama pale ni mwendo wako wa kila siku, rudisha holda, au ifunge mahali pengine na ujaribu tena. Akikataa usijaribu, ondoka. Jirani zetu wa Ngomeni tarehe 12 Desemba 1970 walirusha angani satelaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani ya kutazama mionzi ya eksirei kutoka kwenye nyota, na kazi ya satelaiti, kwa kawaida, kabla haijaruka hutikiswa kwanza kwenye mashine hapa duniani wajue nini kitang'oka. Hakuna anayeshika satelaiti kwa mkono akaitingisha mara tatu akasema haitoki.

Ukishainunua, azima rangi ya kucha kwa dadako. Chora mstari mmoja unaoanzia kwenye holda na kuishia kwenye bomba la usukani, na mwingine unaovuka kila nati. Baada ya wiki angalia. Mstari ukiwa umekatika, kitu kimetembea, na hutabishana na mwenye duka kwa maneno, utamwonyesha. Mafundi wa mashine kubwa hufanya hivyo kila siku.

Na tafadhali, holda ni ya ramani na ya kuona nani anapiga. Kuchati ukiendesha, faini ni shilingi 2,000 kwa mujibu wa sheria ndogondogo za trafiki za mwaka 2016, na hiyo ndiyo bei ya chini kabisa unayoweza kulipa. Siongezi hapo.

Sasa nyinyi wa kitandani. Sina ubaya na mtu kupata riziki yake kwa linki. Lakini kama mnaamini bidhaa zenu, nitumieni moja. Sitaki kulipwa. Nitaifunga kwenye Boxer ya jamaa wa steji, na simu mfu ndani yake yenye uzito wa simu hai. Wiki mbili, abiria na mizigo kama kawaida, Mambrui kwenda Malindi na kurudi, na angalau safari nne za Marafa kwenye vumbi. Mstari wa rangi ya kucha siku ya kwanza, picha kila jioni, hakuna kukaza katikati. Nitaposti vyovyote itakavyokuwa, na ikibaki imesimama nitaisifu kwa jina lake na bei yake. Mpaka naandika hii nimewaandikia watatu. Wawili wamesoma hawakujibu. Wa tatu ameniuliza kama naweza kuifanyia majaribio nikiwa nimeishika mkononi.